Harusi ya Nyusi za Wanja

"Nifungue mdomo?"

"Fungua, bibi!"

"Nikishaufungua haufungiki mpaka mwisho."

"Na usifungike, bibi!"

Haya basi. Zamani, ile zamani yenyewe hasa, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino la kwanza, palikuwa na mji mmoja Misri ya Mafirauni, kando ya Mto Naili. Na watu wa mji ule, wajukuu zangu, walikuwa watu wa kujipenda! Walijipenda mpaka basi. Mwanamke hatoki bila wanja, na mwanamume naye hatoki bila wanja. Naam, wanaume! Fumo, usinikunjie uso, na mkono wako utoe humo bakulini, hina ni ya dada zako. Wanja kwao ulikuwa kinga ya jua na nzi, tena ulikuwa adabu. Kichwa walikinyoa wakavaa wigi, na mwili wakaupaka mafuta mpaka ukang'aa. Hata aliyekwenda kuchunga bata alijitazama kwanza kwenye kioo cha shaba, kana kwamba bata wangemsema.

Lakini lilikuwapo jambo moja lililowafanya wasahau urembo wote. Paka. Paka kwao alikuwa mtu wa nyumbani. Paka akifa kifo chake, nyumba nzima inanyoa nyusi. Baba ananyoa, mama ananyoa, mtoto ananyoa, hata mgeni aliyekuja kulala siku mbili ananyoa. Na katika mji ule, nyumba iliyonyoa nyusi haipigi ngoma, haifanyi karamu, haifanyi harusi, mpaka nyusi ziote zote. Lishikeni hilo, maana ndilo lililotaka kumtia Iputi wazimu.

Iputi alikuwa nani? Alikuwa msichana wa makamo yako wewe Mwanakheri, au kakupita kidogo. Mama yake alikwisha kufa, akalelewa na bibi yake, Bi Henuti, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Nyumbani walikuwa wanne: Bi Henuti, Iputi, baba yao Huya, na mdogo wake Iputi aitwaye Tiya, mtoto asiyeweza kufunga kinywa. Wa tano ni paka wao, Tamiti, mwenye mistari mgongoni na mkia mnene. Bi Henuti alimpenda Tamiti kuliko macho yake. Samaki akikaangwa, kipande cha kwanza cha Tamiti, cha pili cha Huya.

Na Iputi alimpenda nani? Mnacheka nini? Alimpenda Senebi, mchonga mawe, kijana mwenye mikono mipana na maneno machache. Walikwisha posana, siku ilikwisha pangwa, nayo ilikuwa kesho. Kesho yenyewe! Maana mto ulikuwa umeanza kujaa, na mto ukijaa mashua za kubebea mawe huenda kusini kwenye machimbo, na Senebi lazima aende nazo. Akienda harudi mpaka mto ujae tena. Mwaka mzima, wajukuu zangu. Na mama yake Senebi, Bi Mereti, hakuwa mtu wa kungoja mwaka. Alikuwa mwanamke wa kujiweka sawa, hana kikunjo hata kwenye pindo, na tayari alikwisha kusema hadharani kwamba mjini wasichana ni wengi na mwanawe ni mmoja. Kwa hiyo harusi ikivuka kesho, imevuka. Iputi alilijua hilo.

Basi asubuhi ile Tiya akaingia mbio anapiga kelele.

"Bibi! Bibi! Tamiti kafa!"

"Fyoko! Nani kafa?"

"Tamiti! Kalala nyuma ya mitungi ya shayiri, nimemgusa, kawa baridi!"

Bi Henuti akatoka bila wigi, kichwa wazi, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu uchanga wake. Akapiga magoti nyuma ya mitungi. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini nani angethubutu kumwambia? Akapapasa. Mistari ni ile. Mkia ni ule. Akaangua kilio kilichosikika mpaka mtoni. Huya akataka kumtazama paka vizuri, akasukumwa kando.

"Mwacheni! Asiguswe na mtu. Iputi, nipe kitani changu kile kipya."

"Kile cha harusi, bibi?"

"Kwani Tamiti alistahili kitambaa cha kupangusia?"

Akamfunga paka kwa kitani. Kisha akasimama, akasema neno moja tu, "Wembe."

Iputi akaushika unyusi wake. Alimtazama baba yake, na baba yake akatazama chini. Angefanya nini? Angeweza kukimbia. Angeweza kusema, "Bibi, ninyi nyoeni, mimi niacheni, kesho nina harusi." Maneno hayo yalimfika kwenye ncha ya ulimi, siwadanganyi. Lakini bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mzee wa watu, amekumbatia kile kifurushi kama mtoto mchanga, na machozi yamemchorea wanja mpaka kidevuni. Iputi akaketi mbele yake.

"Anza na mimi, bibi," akasema.

Kwaruu, unyusi wa kulia. Kwaruu, unyusi wa kushoto. Akaja Huya, kwaruu, kwaruu. Akaja Tiya, aliyelia kwa sababu unyusi unawasha. Mwisho Bi Henuti akajinyoa mwenyewe. Wakaketi wanne pale uani, nyuso tupu, wanatazamana. Mtu asiye na nyusi, wajukuu zangu, daima ana sura ya mtu aliyeambiwa habari asiyoielewa.

Jua likapanda. Hakuna aliyepika. Iputi akaenda kujiinamia karibu na ukuta, analia kimyakimya kwa ajili ya Senebi. Mara akasikia kitu laini kinamsugua mguuni.

"Nyau."

Akatazama. Mistari ni ile. Mkia ni ule. Tamiti! Mzima, mnene, na gamba la samaki kwenye sharubu.

"Bibiii!"

Mnamjua mtu aliyefurahi na kukasirika kwa wakati mmoja? Bi Henuti alimkumbatia yule paka, akambusu, akampiga kofi dogo, akambusu tena. "Ulikuwa wapi, mshenzi wewe? Sisi tumenyoa!" Huya akajipapasa juu ya macho, kisha akauliza polepole kama kawaida yake, "Sasa yule tuliyemlilia ni nani?"

Wote wakageuka kuutazama ukuta wa jirani.

Jirani alikuwa Bi Nubeti, mtengeneza wanja na wigi, mjane, anakaa peke yake. Yeye na Bi Henuti walikuwa mashoga wa chanda na pete. Hata paka zao walizaliwa tumbo moja, wakagawana, huyu wako huyu wangu. Kisha siku moja Bi Henuti akadai kwamba wigi aliloshonewa limejazwa nyuzi za mtende nyingi kuliko nywele. Bi Nubeti akajibu kwamba hata mtende una nywele kuliko mwenzake. Tangu siku hiyo hawakupeana salamu.

Na sasa wakakumbuka wote kwamba tangu alfajiri sauti ya Bi Nubeti ilikuwa ikiita ng'ambo ya ukuta, "Njoo mama, njoo ule," na wao walikuwa wanalia kwa nguvu hata wasiisikie vizuri.

"Mtu ampelekee maiti wake," akasema Bi Henuti, na sauti yake ndefu ilikuwa imefupika.

Akaenda Iputi. Akabisha, hodi, akaingia na kifurushi mikononi. Bi Nubeti alikuwa ameketi katikati ya vyungu vya wanja na vichwa vya mbao vilivyovikwa mawigi, na sahani ya maziwa imewekwa chini. Akakitazama kifurushi. Hakuuliza.

"Tulimkuta nyuma ya mitungi yetu," Iputi akasema. "Pole, Bi Nubeti. Tulidhani ni wetu."

Bi Nubeti akapokea, akafungua ncha ya kitani, akafunika tena. Kisha akamtazama Iputi usoni, na mara ya kwanza akaona.

"Nani kakunyoa?"

"Bibi."

"Na yeye?"

"Kanyoa. Baba kanyoa. Tiya kanyoa."

"Mlimlilia?"

"Bibi alilia mpaka akaishiwa sauti."

Bi Nubeti akakipakata kile kifurushi. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nafikiri, akifa huyu, nitanyoa peke yangu, na nyumba ya mtu mmoja ikinyoa hakuna hata wa kumtazama." Machozi yakamtoka. Iputi naye, mwenye ya kwake moyoni, akashindwa kujizuia, wakalia wote wawili. Bi Nubeti akachukua wembe, akajinyoa pale pale, na Iputi akamshikia kioo.

Sikilizeni, msinilalie. Bi Nubeti alipomaliza kujipangusa ndipo akamwuliza yule binti mbona kilio chake kirefu kuliko cha mwenye paka. Iputi akamweleza: harusi kesho, mashua, Bi Mereti, mwaka mzima.

"Lakini paka wenu yu hai," akasema Bi Nubeti. "Nyumba yenu haina msiba. Msiba ni wangu."

"Nani ataamini, Bi Nubeti? Bi Mereti akiona nyuso hizi atageuka mlangoni. Mambo ya paka huyu na paka yule hatayasikiliza."

Bi Nubeti akavitazama vyungu vyake. "Basi asione. Mimi kazi yangu nini?"

Kesho yake asubuhi akaja, mara ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu ugomvi wa wigi. Bi Henuti alimngoja mlangoni. Wakatazamana, vikongwe viwili bila nyusi.

"Umekuwa mbaya," akasema Bi Henuti.

"Umenitangulia," akajibu Bi Nubeti.

Wakaanza kucheka, kisha wakashikana mikono, na ugomvi ukaisha bila mshenga. Bi Nubeti akafungua mkoba wake. Wanja mweusi, kijiti chembamba, na mafuta ya bata bukini ya kuchanganyia ili wanja ushike. Akachora. Wajukuu zangu, akachora nyusi! Huya alipata nyusi za mkuu wa jeshi. Bi Henuti alipata nyusi za msichana. Tiya alitaka tatu, akapewa kofi. Bi Nubeti akajichora na yeye. Na Iputi akapata nyusi mbili nyembamba ndefu, nzuri kuliko alizozaliwa nazo. Alipojiona kwenye kioo cha shaba alifurahi, na hapo hapo akaogopa.

"Wakijua je?"

"Wewe kaa utulie, usijipanguse," akasema Bi Nubeti. Mwanakheri, na wewe usijipanguse, hina hiyo mbichi.

Adhuhuri wakaja wakwe. Senebi mbele, kanyoa ndevu vizuri, kavaa kitani cheupe, anamtafuta Iputi kwa macho. Nyuma baba yake, mzee Ankhu, mpole, mwenye kupenda kula. Na katikati Bi Mereti, na ushanga wa buluu shingoni mistari saba, na kipepeo cha manyoya cha kujipepea mkononi. Akatazama ua, akatazama mikeka, akatazama nyuso. Akatikisa kichwa, ameridhika. Iputi akashusha pumzi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Bi Nubeti, kwa ufundi wake wote, alilisahau. Siku ya karamu, watu wale walikuwa na desturi ya kuwawekea wageni na wenyeji bonge la mafuta ya manukato juu ya kichwa, juu ya wigi. Jua likichoma, bonge linayeyuka taratibu, linashuka nywelini, linashuka usoni, mtu ananukia mwili mzima. Heshima kubwa! Huwezi kukataa. Na mafuta, kama mjuavyo, hukaribisha mafuta.

Kinubi kikalia. Bata wakaliwa. Maji ya zabibu yakapita. Jua likachoma. Na mabonge yakaanza, tone, tone, tone.

Tiya akamvuta Iputi nguo. "Dada," akanong'ona, na mnong'ono wa Tiya ulisikika mpaka nyumba ya tatu, "unyusi wa baba unahama."

Kweli. Unyusi wa kushoto wa Huya ulikuwa umeshuka, umefika chini ya jicho, unaendelea na safari. Huya hana habari, anamsimulia mzee Ankhu habari za shayiri. Iputi akamfanyia ishara. Huya akadhani anasalimiwa, akamsalimia. Mara nyusi za Bi Henuti nazo zikashika njia, moja kuelekea sikioni na moja kuelekea mdomoni. Bi Nubeti akainama kama mtu aliyeangusha kitu. Iputi akashika kipepeo, akampepea bibi yake kwa nguvu, lakini upepo ukazidi kuyasukuma mafuta.

"Bi Henuti," akasema Bi Mereti. Kinubi kikanyamaza. "Ni nini hicho shavuni mwako?"

"Nzi," akasema Bi Henuti.

"Nzi wa urefu huo?"

"Mwaka huu wamenenepa."

Hakuna aliyecheka. Bi Mereti akasimama, akamtazama Huya, akamtazama Tiya, akaona yote. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nyumba hii imenyoa?"

Bi Nubeti akafungua mdomo ili atunge uongo mwingine, na angeutunga, alikuwa na akili hiyo. Lakini Iputi akasimama. Nyusi zake peke yake zilikuwa bado mahali pake, maana alikuwa ameketi kivulini. Angeweza kuziacha. Akachukua pindo la kitani chake cha harusi, akajipangusa uso mzima mbele ya wageni wote.

"Tumenyoa, mama," akasema. "Tulikuta paka amekufa tukadhani ni wetu. Alikuwa wa jirani yetu, Bi Nubeti, huyu hapa. Wetu yu hai, yuko chini ya meza anakula bata wako. Nilijua ungegeuka mlangoni, ndiyo maana nikajichora. Nilitaka kuolewa na mwanao kabla mashua hazijaondoka. Ukitaka kugeuka, geuka, lakini uso wangu ndio huu."

Akamtazama Senebi. Senebi, yule wa maneno machache, alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Lakini mwenye neno alikuwa mama yake.

Bi Mereti alikuwa bado amesimama. Mafuta yakawa yanamshuka naye. Kisha akaketi polepole, akasema, "Nileteeni beseni la maji."

Likaletwa. Akavua ushanga, akakunja mikono, akanawa uso. Alipoinua kichwa, watu wote wakafanya "Haa!" Hakuwa na unyusi hata mmoja! Na si wembe. Ngozi tupu, laini, kama kiganja.

"Nilipokuwa binti," akasema, "wiki ya harusi yangu, nilichukua koleo dogo nikazing'oa ili ziwe nyembamba. Nikang'oa, nikang'oa, mpaka zikaisha. Hazikuota tena. Tangu siku hiyo naamka kabla ya jua nijichore, mume wangu asije akaniona." Akamgeukia mzee Ankhu. "Nisamehe, baba Senebi. Hukujua uliyemwoa."

Mzee Ankhu akaweka chini paja la bata.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua! Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ya kwanza. Unyusi mmoja niliukuta begani kwangu."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Niseme nini, mke wangu? Kila siku unaamka kabla ya jua unipambie uso. Mimi nami huamka, nafumba jicho moja, nakutazama unavyojichora. Ningesema, ungeacha. Nami napenda sana kutazama."

Lo! Bi Mereti akampiga kwa kipepeo, mara mbili, kisha akamwegemea begani akilia na kucheka, mafuta na machozi na wanja vikichanganyika juu ya kitani cha mumewe. Bi Henuti akaanza kucheka, Bi Nubeti akamfuata, Huya akauliza kuna nini, akaonyeshwa kioo, naye akacheka mpaka akakaa chini.

"Njoo hapa, mwanangu," Bi Mereti akamwambia Iputi. "Wewe umefanya kwa pindo moja la kitani jambo nililoliogopa mimi tangu ujana wangu. Na nyumba inayomlilia paka wa jirani itamtunza vizuri mwanangu. Anayesema hii ni nyumba ya msiba aje kwangu." Kisha akamwita Bi Nubeti, akamkalisha kati yake na Bi Henuti, na kumpa pole ya paka wake kama ilivyo desturi, mkono juu ya moyo. Kinubi kikalia tena.

Iputi akaolewa siku ile ile, na nyumba yake yote nyuso tupu, hata mkwewe. Mashua za mawe zilipoondoka, zilikuwa na abiria mmoja zaidi, maana Senebi alisema, kwa maneno yake machache, "Tunakwenda wote." Na kila mashua ilipokata maji, Iputi aliinua uso kwenye upepo, bila wanja, na mumewe akimtazama.

Basi wajukuu zangu, jipambeni. Sisemi msijipambe, mimi mwenyewe wanja haunitoki. Jipambeni kwa furaha, kwa sikukuu, kwa sababu dunia ni nzuri na ninyi ni wazuri ndani yake. Lakini pambo lisiwe mlango wa kujifichia. Anayekupenda amekwisha kukuona asubuhi, na asiyekupenda, nyusi za wanja hazitamfunga. Na jirani yako akilia, lia naye hata kama hujui analilia nini.

Kisa changu nimekileta mzima, nimekitua hapa katikati yenu. Kikiwa kitamu, kichukueni muwape wenzenu. Kikiwa kichungu, nirudishieni mimi, nitakitia sukari.